Edelmira Oyarzún, Aliyegonga Nguzo Kabla ya Kuamini Rangi

Padre, ndugu wafiwa, majirani wa mji huu wa Castro, na ninyi mliovuka kwa kivuko asubuhi hii kutoka Achao, naitwa Belarmino Oyarzún, ni mdogo wake marehemu wa kuzaliwa tumbo moja, na nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, kazi niliyoikataa mara mbili, na sababu ya kuikataa mtaisikia nikifika mahali pake.

Marehemu Edelmira Oyarzún Cárcamo alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Achao, katika kisiwa cha Quinchao, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa marehemu Mzee Custodio Oyarzún, seremala wa nyumba, na marehemu Mama Hortensia Cárcamo, aliyefuma sweta za sufu na kuziuza sokoni, na alibatizwa mwezi wa Mei mwaka huohuo.

Alisoma shule ya msingi palepale Achao kuanzia mwaka 1956 hadi 1962, na alikuwa bado mwanafunzi siku ile ya tarehe 22 Mei 1960, ardhi ilipotikisika. Nyumba yetu, kuukuu na isiyo na rangi, ilibaki imesimama, lakini nyumba ya jirani yetu Mzee Gumersindo, iliyopakwa rangi ya manjano Krismasi iliyotangulia, ilianguka yote, na mke wake akafia ndani. Siku ya tatu baba alimshika Edelmira mkono, akampeleka kwenye kifusi, akamwonyesha nguzo zilizofunikwa kwa mbao mpya, zikimeguka kwa vidole kama mkate wa juzi. Mimi nilikuwa na miaka sita, niliachwa nyumbani, na dada aliporudi hakula chakula cha mchana, alizunguka nyumba yetu na nyundo ya baba, akigonga nguzo moja baada ya nyingine, akitega sikio.

Mwaka 1965 alijiunga na chuo cha ufundi Puerto Montt akitaka useremala, akaambiwa hapo si mahali pa wasichana, akapewa nafasi ya kuchora ramani za majengo, naye akaikubali, ila kila Jumamosi alikwenda kukaa na maseremala kwenye karakana yao mpaka wakachoka kumfukuza na kuanza kumfundisha. Alihitimu Desemba 1968, na Februari iliyofuata akaajiriwa na mjenzi mmoja hapa Castro kama mchora ramani, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mitatu.

Tarehe 11 Januari 1975 alifunga ndoa katika parokia hii na Evaristo Barría, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto wawili, Ximena aliyezaliwa mwaka 1976 na Heriberto aliyezaliwa mwaka 1979, waliopo hapa mbele yenu, pamoja na wajukuu watatu. Shemeji yetu Evaristo alitutangulia tarehe 3 Juni 2006, na marehemu hakuolewa tena.

Mwaka 1982 aliacha ajira akaanza kazi ambayo wengi wenu mmemjua kwayo, ya kukagua nyumba kwa niaba ya mtu anayetaka kununua, kabla hajatia saini. Alikwenda siku ya mvua kwa makusudi, kwa kuwa, alivyosema, jua ni rafiki wa muuzaji. Aliweka gololi sakafuni aone inakimbilia wapi, alifungua makabati akanusa, alitambaa chini ya sakafu na tochi na msharasi wa mshona viatu wa kuchomea mbao aone kama zimeoza, na akikuta ukuta mmoja umepakwa rangi peke yake, aliuliza una siri gani. Muuzaji mmoja, akimwona amelala kifudifudi kwenye tope, alimtania mbele ya watu, "Mama, unatafuta nyumba au unatafuta panya?" Dada akamjibu kutoka hukohuko chini, "Panya nimewakuta, wanasema hata wao wanahama."

Lakini hakuwa mtu wa kuwaaibisha wauzaji. Alichokiona alimwambia kwanza mwenye nyumba, akampa nafasi ya kukitengeneza au kukitaja mwenyewe kwa mnunuzi, na magomvi mengi ya mji huu yalikufa hivyo kabla ya kuzaliwa, kwa kuwa watu hawagombani sana kwa ajili ya boriti iliyooza, hugombana kwa sababu mmoja alijua na mwingine hakuambiwa.

Sasa nimefika mwaka 1997. Kwenye karatasi hii, iliyoandikwa na Ximena kwa upendo na kwa kunisitiri mimi, pameandikwa sentensi moja tu, kwamba mwaka huo marehemu alipitia kipindi kigumu cha kikazi. Watoto walitaka tuendelee mbele. Ila marehemu aliacha maneno kwa mwandiko wake mwenyewe, yako kwa Heriberto, na yanasema hivi: "Asome Belarmino, na mwaka wa tisini na saba asiuruke."

Basi siuruki. Mwanzoni mwa mwaka ule nilikuwa nauza nyumba yangu ya mtaa wa juu, nyumba ya mbao iliyosimama juu ya nguzo kama nyumba zetu nyingi, na nguzo za upande wa kusini zilikuwa zimeoza, nilijua, nilikuwa najua kwa miaka miwili. Nilizipigilia mbao mpya, nikapaka rangi. Wanunuzi walikuwa vijana, Maritza Vera, muuguzi wa zahanati, na mume wake Fabián Soto, wana watoto wawili, na Maritza alisema wangependa dada yangu aikague kwanza. Nikamwambia, "Hakuna haja, keshaikagua. Ni dada yangu, ingekuwaje asiikague?" Wakaniamini, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya jina lake.

Walihamia mwezi Machi. Tarehe 19 Julai, baada ya mvua ya siku nane, sakafu ya chumba cha watoto ilizama, na binti yao Antonia, mwenye miaka minne, akavunjika mguu. Maritza alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa marehemu, akamwambia, "Mama Edelmira, sisi tulilala usingizi kwa sababu yako." Dada akamwuliza anasema habari ya nyumba gani. Alijua siku hiyo, mlangoni pake, kwamba jina lake limeuzwa pamoja na nyumba.

Kesi ilifunguliwa, na mwezi Septemba, kabla ya kusikilizwa, nilimfuata dada jikoni kwake, akimenya viazi, nikamwomba aseme kwamba aliikagua nyumba na hakugundua, kwa kuwa fundi yeyote anaweza kukosea, wakati mimi, wakijua nilificha, wangenimaliza. Aliendelea kumenya. Kisha akaniuliza, "Mguu wa yule mtoto umevunjika mahali pangapi?" Nikasema pawili. Akasema, "Basi usiniombe tena."

Mahakamani alisema hajawahi kuingia chini ya nyumba ile. Wakili wangu akasema aliingia. Mimi nilipoulizwa, nilijibu kwamba sikumbuki. Jaji akaamuru niitengeneze nyumba yote, akasema hana haja ya kuamua nani alikagua na nani hakukagua, kwa kuwa kosa la muuzaji linatosha, na hivyo jambo lile likabaki hewani, na kila mtu wa mji huu akalimalizia kwa namna yake. Wapo waliosema Edelmira alimtupa ndugu yake kujiokoa. Wapo waliosema aliona kasoro akanyamaza kwa ajili ya ndugu, kisha akakana. Kwa miaka sita simu yake ililia mara chache, akarudi kuchora ramani za watu wengine, na njiani wapo waliovuka upande wa pili wasimwamkie. Mimi niliyaona hayo yote, ningeyamaliza kwa sentensi moja, na sikuisema.

Jumatatu ya tarehe 3 Novemba nilikwenda kuanza matengenezo peke yangu, kwa sababu hakuna fundi aliyetaka kufanya kazi na mimi, nikamkuta dada amekwisha kufika, amevaa buti, ameshika nyundo ya baba. Nilitaka kumshukuru, akanizuia. "Sikuja kwa ajili yako. Juu ya nguzo hizi wanalala watoto. Shika upande ule." Tulifanya kazi mpaka mwisho wa Februari, tukabadilisha nguzo ishirini na mbili kwa miti ya luma, mbao ngumu isiyooza upesi, na katika miezi ile hatukuzungumza ila habari za mbao. Siku ya mwisho alizipima nguzo zote kwa timazi aone kama zimesimama wima, akazikataa tatu nilizosimamisha mimi, nikazing'oa nikazirudia. Maritza, ambaye miezi yote hiyo alikuwa akituangalia dirishani, alishuka kwa dada na sahani ya viazi vya moto na nyama, akamwambia, "Mwenye hatia huleta fundi, hatambai mwenyewe kwenye tope," na tangu siku hiyo wale wawili walikuwa kama mama na mwanawe.

Mimi na marehemu tulirudi kusalimiana, kisha kula pamoja, kisha kucheka, kama ndugu wanavyorudi, bila kulitaja.

Mwezi Novemba 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo, na baada ya vipimo ikagundulika kuwa ni kansa. Alifanyiwa upasuaji Puerto Montt tarehe 16 Februari 2023, akapata nafuu ya mwaka mzima, akakagua hata nyumba tano, ya mwisho akiwa anashuka ngazi kwa kushikwa mkono na kumgombeza aliyemshika. Mwezi Mei mwaka huu hali ilibadilika, akaomba arudi nyumbani. Mwezi Julai nilikaa kando ya kitanda chake, nikamwomba msamaha kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mimi nilikusamehe ulipozirudia zile nguzo tatu bila kununa. Maritza naye anajua. Mji ndio haujui, na si mimi wa kuuambia." Alifariki Ijumaa tarehe 9 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, mikononi mwa watoto wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Puerto Montt na wa hapa Castro, majirani waliokesha nasi na waliotuletea kuni na mikate, maseremala waliotengeneza jeneza hili na kukataa malipo, Padre na wanaparokia. Kwa namna ya pekee tunamshukuru muuguzi Maritza Vera, aliyemwogesha na kumgeuza marehemu kila siku kwa miezi mitatu baada ya zamu yake, na binti yake Antonia, atakayekuwa miongoni mwa wabebaji.

Jambo la mwisho halimo kwenye karatasi. Dada yangu hakuikagua nyumba ile. Nilidanganya nilipoiuza, na niliposema mahakamani kwamba sikumbuki, nilikuwa nakumbuka. Ikiwa hapa yupo aliyeacha kumpigia simu, au kumwamkia, au kumfungulia mlango, kosa ni langu, na namwomba asiinamishe kichwa, asogee mbele awe wa kwanza kumuaga, nasi ndugu tutafuata nyuma.

Edelmira, dada yangu, pumzika kwa amani.