Jina Nililolinyima Mstari

Sogeeni hapa kitandani, wanangu, wewe Achille na wewe Miriam, na mlango uacheni wazi, kwa maana nimemtuma jirani aniitie Mwalimu Zéphirin kutoka Ndosho, nami nataka akiingia anikute nimekwisha kuanza kusema.

Nyumba hii ya Mabanga ni yenu wote wawili; asiuze mmoja pasipo mwenzake. Mashine yangu ya kuandikia apewe Miriam, ambaye hakuwahi kuidharau. Hayo ni mepesi. Zito ni hili lifuatalo, na Achille analijua, ndiyo sababu anatazama dirishani.

Nilikuwa karani wa Chuo cha Lugha za Kigeni tangu tarehe 6 Oktoba 1986, kilipofunguliwa kwa vyumba viwili vya Kifaransa na Kiingereza, hadi tarehe 30 Juni 2014. Leo kinafundisha hata Kihispania na Kichina. Wanafunzi wake hutafsiri karatasi za wafanyabiashara mpakani, na ndio waliosimama kufasiri kati ya wagonjwa na madaktari wageni kule Kanyaruchinya, kambi ya wakimbizi wa vita. Najivunia hilo. Kila mhitimu nilimwandika kwa mkono wangu katika daftari kuu, na asiye na mstari humo huhesabiwa kuwa hakusoma.

Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima Nyiragongo ulishuka ukaila ofisi yetu pamoja na daftari. Rekta, mkuu wa chuo, akaniamuru niandike jipya: kila mhitimu aje na mashahidi wawili waliokaa naye benchi moja. Walikuja kwa mamia, nguo zao zikinuka moshi, nami nikawaandika wote isipokuwa mmoja. Zéphirin alikuja tarehe 11 Machi. Nikamwambia, "Mashahidi hawa siwatambui." Niliwatambua kama ninavyowatambua ninyi. Lakini mwaka 1998, akiwa msaidizi kijana, alishika barua yangu mbele ya wanafunzi, akaisoma kwa kuniiga sauti, kisha akauliza, "Muzee karani, hii Kifaransa ulinunua wapi, ku soko ya Birere?" Wakacheka hadi kengele ikalia. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi; yeye alijikwaa ulimi siku moja, nami nikamfanya achechemee miaka ishirini na mitatu.

Tangu hapo amebaki msaidizi, na aliowafundisha wamempita. Sasa baraza la chuo limetangaza kwamba mwalimu asiyeonekana daftarini ataondolewa tarehe 20 ya mwezi huu, na nafasi yake umeahidiwa wewe, Achille.

Usinirudie maneno yako ya jana: "Papa, acha hiyo mambo, itakufa na weye." Mambo hayafi na mtu, mwanangu, hurithiwa, na hili nakataa kukurithisha. Ukaongeza, "Niko na watoto, Papa." Yeye anao wanne.

Miriam, mpe kalamu. Achille, andika: Mimi, Namegabe, karani, nililikataa jina la Zéphirin kwa kusudi, nikijua kwamba alihitimu Julai 1996. Andika. Usinitazame mimi, tazama karatasi.

Pikipiki hiyo imesimama. Karibu, Mwalimu. Keti. Usinipe mkono kwanza, sikia. Achille, soma kwa sauti.

Hapana. Rudia hapo. Umesoma "kwa kosa." Sikusema kwa kosa. Miaka ishirini na minane nimesoma rasimu za watu, nalijua neno lililobadilishwa. Futa, mbele yake, uandike nililosema... Maji, Miriam. Kidogo tu.

Ndiyo, Mwalimu, nimekusikia. "Muzee, weye ni mutu mubaya." Ni kweli. Miriam, usimkemee, amengoja siku nyingi kulisema.

Mnizike bila hotuba ya chuo. Karatasi hii ipelekwe kesho asubuhi, na aibebe Achille mwenyewe, hadi mezani pa rekta, asubiri apewe risiti. Ukifanya hivyo, mwanangu, baraka yangu iko juu yako na juu ya watoto wako. Mungu akupe kiti ambacho hakuna mtu aliyesukumwa ili kiwe wazi. Nawe Miriam, uliyenilisha kwa mkono wako, usikose mkono wa kukulisha.

Nipeni nitie sahihi... Mkono umekataa. Achille, leta kile kisahani cha wino. Kidole gumba kinatosha. Hapana, si wewe utakayekishika... Zéphirin. Kishike wewe. Hapo, chini ya jina lako. Bonyeza, Mwalimu... zaidi... usinihurumie, bonyeza.