Meno Juu ya Paa la Runo

Benchi liko chini ya dirisha la Desanka, mshonaji wa zamani, mkabala na kiwanda cha sweta cha Runo, na kahawa hupitishwa dirishani humo humo, birika moja la shaba kila asubuhi, likiisha limeisha. Wenye benchi ni watatu. Kuna Volti, aliyekuwa fundi umeme kiwandani. Kuna Refa, aliyechezesha mpira wa daraja la nne na mpaka kesho hakubali kwamba aliwahi kukosea. Na kuna Mwalimu Tihomir, aliyefundisha uchoraji shuleni, mtu wa maneno ya kuhesabu. Kiwanda kilifungwa zamani, madirisha yamebaki matundu, lakini nembo ilikuwa bado iko juu ya paa: pinde mbili, moja juu na moja chini, na mistari mitatu minene katikati. Asubuhi hiyo kreni iliingia uani kuishusha. Tihomir hakuwa amepata usingizi. Nembo ile aliichora yeye, na katika mji mzima hapakuwa na mtu aliyejua.

— Haya, leo meno yanang'olewa, — alisema Volti.

— Meno gani wewe? Ile ni radieta, ya kupasha nyumba joto. Sweta ni joto, radieta ni joto. Inahitaji shule hiyo?

— Refa, mimi nimepanda pale juu kubadilisha taa zake miaka kumi na minane. Ni mdomo. Mkurugenzi wa kwanza baba yake alikuwa daktari wa meno.

— Wongo mtupu! — Desanka alitoa kichwa dirishani. — Ni kope za mwanamke. Yule karani aliyetoka Subotica, mwenye macho makubwa. Sisi wa kushona tulijua yote.

— Basi niwaambie ukweli, — Refa akashusha sauti. — Ilikuwa alama ya marubani. Vita ikitokea, wanaiona kutoka juu, wanajua hapa wageuze kushoto.

— Kushoto waende wapi? Kwa shemeji yako?

Wakacheka. Tihomir naye alicheka kidogo. Aliwapenda watu hawa, na kwa miaka hamsini na kitu alikuwa akiwasikiliza wakiitukana kazi yake kwa upendo. Wanafunzi wake walikuja darasani na lebo yenye nembo ile shingoni. Harusi, misiba, mechi za majira ya baridi, kote sweta za Runo. Kila alipoiona moyo ulimruka, kisha ukatulia.

— Na yule mchoraji mwenyewe, — alisema Volti, akimimina kahawa, — Bwana Sabuni! Mnakumbuka?

Nani asiyekumbuka. Mwaka wa sitini na nane Runo ilitangaza shindano la nembo. Mchoro ulipelekwa bila jina, una neno la siri tu, na jina la mtu likawekwa ndani ya bahasha ndogo iliyofungwa, ili wasipendeleane. Mshindi akapatikana, bahasha ikafunguliwa mbele ya kamati nzima, na mwenyekiti akasoma kwa sauti: "Sabuni, hamira, sukari kilo mbili, uzi mweupe."

— Wakajitokeza watu saba kudai ni wao! — Refa alipiga goti. — Saba! Mmoja alikuwa muuza samaki!

Tihomir aliinamia kikombe. Siku ile alikuwa na haraka ya kuwahi posta. Ruzica, mkewe, alifika dukani, akafungua karatasi aliyopewa na mumewe, akakuta imeandikwa jina na anwani yao. Alirudi anacheka hadi anashika ukuta. Lakini aliposikia kuna watu saba, Tihomir, mwalimu kijana, aliona haya kwenda kuwa wa nane. Kila mwaka alisema ataenda mwakani. Sasa Ruzica hayupo, na hakukuwa na mwingine wa kumtolea ushahidi.

Msichana mwenye daftari alivuka barabara kutoka uani.

— Samahanini wazee wangu, shikamooni. Natoka makumbusho ya mji wa Novi Sad. Nembo tunaichukua sisi. Kuna kitu kimoja nakosa kwenye kadi yake. Nani aliichora?

Refa aligeuza kikombe akatazama machicha ya kahawa.

— Mimi, — alisema Tihomir.

— Mwalimu! — Refa alipasuka kicheko. — Na wewe umeingia foleni?

— Mzee, una chochote? — msichana aliuliza kwa upole. — Mchoro wa kwanza? Barua?

— Sina. Ila wameitundika vibaya. Imelazwa ubavu. Mwenye kuichora hakuwepo wa kuwaambia juu ni wapi. Ile ni mikono miwili ya mtu anayeshikilia uzi, mwenzake anaukunja kuwa donge.

Msichana alitazama paa, akatazama wazee wanavyobana kicheko. Akaandika taratibu: mchoraji hajulikani. Tihomir aliyasoma maneno hayo kichwa chini miguu juu, na yalimuuma vibaya sana.

Uani wakapiga kelele. Kreni ilinyanyua. Nembo ilichomoka kwenye nguzo zake, imefungwa mnyororo pembeni, ikayumba, ikazunguka polepole mpaka ikasimama wima hewani kwa mara ya kwanza. Pinde mbili sasa zilitazamana, kushoto na kulia, na mistari mitatu ikavuka kati yake.

Volti aliacha mdomo wazi.

Dirishani, Desanka alinyoosha mikono yake miwili mbele, viganja vikitazamana.

— Mama yangu, — alisema. — Miaka ishirini na sita nimeshona lebo ile ubavu. Mwalimu, hii si mikono yako? Ulikuwa unamshikia Ruzica uzi pale kizingitini kila jioni, na sisi tunapita tunakuzomea kwamba umeolewa!

— Ndiyo hiyo, — alisema Tihomir, na machozi yalimtoka bila kuyazuia.

Refa alivua kofia. Msichana akakata mstari aliouandika.

— Jina kamili, mzee?

Tihomir alinyoosha mkono kuomba kalamu.

— Lete niandike mwenyewe, mwanangu. Safari ile nilikosea karatasi.