Bembea ya Salamu

Ndani ya Hiace ya abiria kutoka Vwawa kwenda Tunduma, mama mmoja wa Iyula alimgeukia binti aliyekaa naye. "Si wewe uliyetengeneza ile bembea ya sokoni? Ile ukibembea inatoa sauti za salamu ambazo watu wametuma kwenye intaneti?" Binti akaona haya. "Ni mimi, mama. Mchezo tu."

"Mchezo! Juzi nimebembea, na uzee huu, nikamsikia kaka yangu Sadoki akiwasalimu watu wa Iyula na kutaja namba yake. Miaka kumi na moja tulidhani amefia Zambia. Leo anavuka mpaka, nakwenda kumpokea. Asante sana, mwanangu."

Kwenye kiti cha nyuma yao, mimi niliacha kujifanya nasinzia. Binti alisema wa kushukuriwa ni Sadoki, maana ndiye aliyetuma salamu. Mama akakataa katakata. Gari liliposimama Tunduma, mpakani, akamshika binti mkono. "Twende ukamwambie mwenyewe kwamba ni mchezo."