Kipaza Sauti cha Doña Eufrosina

Mheshimiwa Meya wa Santa Inés. Waheshimiwa wajumbe wa baraza. Wasimamizi wa sikukuu ya mtakatifu wetu. Ndugu zetu wa Mtaa wa Juu mlioketi kulia, na ndugu zetu wa Mtaa wa Chini mlioketi kushoto, kana kwamba katikati yenu pamepita mto. Ndugu wageni waalikwa. Na zaidi ya wote, Doña Eufrosina Cuevas, unayestaafu leo:

Nimeambiwa nimsifu Doña Eufrosina kisha niketi. Kumsifu nitamsifu. Kuketi, tutaona.

Kabla simu haijaingia mfukoni mwa kila mtu, simu ya kijiji hiki ilikuwa moja, dukani kwake, na juu ya paa la duka palikuwa na kipaza sauti. Nani hapa hakulelewa na sauti ile? "Crescencia! Crescencia wa kisimani! Mwanao anapiga kutoka Fresno! Acha hizo tortilla, mama, kimbia!" Na Crescencia alipokimbia na unga mikononi, kijiji kizima kilikimbia naye kwa moyo. "Rutilio amechinja nguruwe, na anaapa safari hii si mgumu kama yule wa Pasaka!" "Kesho ni tequio, kazi ya kijiji, sote tunazibua mfereji wa chemchemi. Na wewe Leobardo, usiniletee habari za mgongo, jana nilikuona ukicheza dansi!" Tulicheka, na asubuhi tulikuwa wote mferejini, majembe begani.

Sauti ile haikukuuliza una simu ya aina gani. Haikukutaka ukubali masharti usiyoyasoma. Ilipita juu ya kila paa, ikamfikia aliyenuna na aliyecheka.

Leo tuna nini? Mtaa wa Chini una kundi lake kwenye programu ya kijani. Mtaa wa Juu una lake kwenye ya bluu. Vijana wako kwenye ya tatu, ambako ujumbe hufutika kabla hujaufikiria. Na tulitenganaje? Mnajua, ingawa mnaona aibu. Leobardo alikuwa akituma picha za waridi kila alfajiri, "Mungu akubariki, amka na tabasamu," mpaka msimamizi wa kundi akachoka, akamtoa. Mtaa wa Juu wote ukamfuata kwa hasira. Kijiji kilichogawana mashamba bila kupigana kimevunjika kwa ajili ya waridi!

Lakini sitawalaumu ninyi peke yenu. Simu ya kampuni moja hupiga simu ya kampuni nyingine, na hakuna anayeshangaa. Barua hufika bila posta kuuliza rangi ya bahasha. Kwa nini basi ujumbe wa maandishi ugote ukutani? Wenye programu hizi wanashindwa? Hawashindwi! Wanajua wakifungua mlango, tutatoka. Kila mmoja anatutaka zizini kwake, na sisi tunashangilia rangi ya zizi kama timu ya mpira.

Mwaka jana Fidencio Ortiz alifariki. Kaburi huchimbwa na kijiji kizima, na wa kwanza kulishika jeneza ni kompadre wa marehemu. Kengele ya kanisa ilikuwa imeshushwa kutengenezwa. Doña Eufrosina akataka kutangaza, akaambiwa, "Usijisumbue, mama, tumeshatuma." Walituma kweli. Kwenye ile ya kijani.

Mtaa wa Juu haukuja. Leobardo, kompadre wa Fidencio, aliyemsimamia mwanawe wa kwanza ubatizoni, alikuwa juu hapo akipalilia mahindi. Mjane, Nicéfora, alizuia jeneza mlangoni akimngoja, hata jua likazidi, wakalibeba bila yeye. Tangu hapo Nicéfora hamsalimu. Leobardo naye, kila akifika kwenye uzio wa mjane, hugeuka. Na wote wawili hunijia mimi: "Mwalimu, hata salamu?" Juzi tu ndipo Nicéfora alipojua kwamba Leobardo hakukataa kuja. Hakuambiwa.

Na sasa baraza linataka kukishusha kipaza sauti, eti watu wote wana simu. Mheshimiwa Meya, simu tunazo. Tulichokosa ni kusikia jambo moja, sote, kwa wakati mmoja. Naitamani sauti ile. Naitamani hata ilivyokuwa ikikwaruza. Natamani kukatizwa usingizi wa mchana na jambo lisilonihusu.

Doña Eufrosina, pumzika, umestahili. Atakayekurithi tutamchagua mkutanoni kwa kunyoosha mikono, kama tunavyowachagua watumishi wetu wote. Ila lipo tangazo moja la mwisho, na kwa ajili yake nimekiunganisha kipaza sauti na umeme bila ruhusa. Meya atanisamehe, au hatanisamehe.

Jumapili ni misa ya mwaka ya Fidencio. Msalaba mpya utatoka nyumbani kwenda kaburini, na Nicéfora anataka ubebwe na kompadre. Ameomba jina lake litajwe juu ya mapaa, mitaa yote miwili isikie. Leobardo, usiinamishe kichwa, Nicéfora anakutazama.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio na kunivumilia. Doña, kijiji kinakusikia. Mwite.