Maîtresse Albertine na Saa ya Ndoto

Jumatano tarehe 2 Julai 2025, kengele ya kufunga mwaka wa masomo itakapolia, Maîtresse Albertine Mwadi atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika shule yetu ya watoto wadogo, maternelle Les Libellules, hapa Bel-Air, Lubumbashi. Alifika mwaka 1994 na diploma ya ualimu, mfuko uliojaa vifuniko vya chupa, na sauti ndogo ambayo hadi leo haijawahi kupanda. Waliokuwapo wanasema walidhani hatamaliza muhula. Tangu hapo directrice, yaani wakuu wa shule, watatu wamekuja, wawili wameondoka, mabati yamebadilishwa, ua umechimbwa na kufukiwa, na yeye bado ndiye anayeingia wa kwanza asubuhi, anavua viatu mlangoni na kutembea darasani pekupeku, ili asikanyage kitu ambacho mtoto bado hajakimaliza.

Mimi ninayeandika ni Christiane Ngalula wa darasa la jirani. Kati yangu na yeye kuna ukuta mwembamba tu, kwa hiyo kwa miaka mingi nimefundisha kwa sikio moja na kumsikiliza kwa lingine. Directrice wetu, Maman Joséphine, ameniomba ukurasa mmoja kwa ajili ya programu ya sherehe ya kumuaga anapostaafu. Anisamehe, nitauvuka.

Kwa Maîtresse Albertine, mtoto anaanza kujua kwa viganja. Jumatatu ni siku ya maji: chupa, vikombe, makopo ya maziwa yaliyotobolewa, na maji mekundu ya maua ya ngai-ngai yanayohama kutoka chombo kimoja hadi kingine asubuhi nzima. Ukipita dirishani unaona watoto wameinama wamenyamaza, midomo wazi, wakingoja tone la mwisho lianguke. Siku nyingine wanapanga mahindi na maharage, wanapepeta mchanga, wanashona vipande vya kitenge kwa sindano butu. Na kuna siku ya kufua. Watoto wa miaka mitatu hufua leso, huzianika kwenye kamba iliyofungwa usawa wa vifua vyao na kubana kila moja kwa vibanio viwili. Waulize leso nne zinataka vibanio vingapi. Hawahangaiki na vidole, wanaitazama kamba na kukujibu.

Ilikuwa siku ya kufua mkaguzi mmoja alipotutembelea, miaka ya nyuma. Alivua koti, akaliweka kwenye mgongo wa kiti, akatoka uani kuzungumza. Aliporudi koti lilikuwa ndani ya beseni na watoto watano wanasugua kola kwa sabuni ya kipande, wamekunja nyuso kama watu walio kazini. Sheria ya darasa ilikuwa wazi: nguo iliyovuliwa inafuliwa. Maîtresse Albertine alikuwa ameona kila kitu, na alimweleza mkaguzi kwa heshima zote: “Pardon, Baba Inspecteur, batoto balikuwa bado kujua veste inaomba pinces ngapi.” Koti linaomba vibanio saba. Mkaguzi alirudi kwake na shati tu, katika baridi ya mwezi wa sita, akipiga chafya na kucheka. Mwaka uliofuata alikuja amevaa sweta, na hakuivua hata dakika moja.

Lakini wote waliopita mikononi mwake, na baadhi yao leo wanatuletea watoto wao, ukiwauliza wanakumbuka nini watakutajia Saa ya Ndoto.

Baada ya uji wa saa sita, madirisha hufunikwa kwa vitenge vya zamani na mwanga wa darasani hugeuka rangi ya chai. Watoto hulala kwenye mikeka. Malori ya migodi yanapita kule barabarani, sakafu inatetemeka kidogo, na hakuna anayeamka. Yeye hukaa katikati yao kwenye kigoda, kitenge mabegani, akihesabu vichwa kwa midomo bila kutoa sauti. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akisinzia. Mara nyingi nimechungulia nikidhani nitamkuta, nikaambulia kutazamwa.

Wakiamka, hakuna anayewapanga mstari. Wanajikokota mmoja mmoja, macho nusu, hadi kwenye beseni la udongo. Udongo wenyewe unatoka kwenye kichuguu kile kikubwa nyuma ya vyoo, ule mwekundu laini ambao watu wa mji huu wanafyatulia matofali. Maîtresse huuchimba mwenyewe, huuchekecha, huuloweka na kuufunika kwa gunia. Kila mtoto anachukua bonge na kufinyanga alichokiota, na asiyeota anafinyanga usingizi wake, ambao kwa kawaida ni mviringo.

Hapo ana amri moja tu, na ametuimbia hadi masikio yetu yamechoka: usimuulize mtoto “Ni nini?” Ndoto yake bado ni mbichi. Ukimdai jina lake inakimbia, naye anakujibu “mpira” ili umwache kwa amani. Muulize: “Iko inaenda wapi?” Basi. Kupitia ukuta wangu nimesikia bonge lisilo na kichwa wala mkia likipanda treni kwenda Sakania. Nimesikia lingine likirudishwa mpakani Mokambo kwa kukosa viatu, na nyoka mmoja akishuka Kilwa kunywa ziwa lote na samaki zake. “Iko inaenda kwa kambo yangu, Maîtresse, lakini treni inalala mu njia.” Kambo kwetu ni babu au bibi, na maneno yote hayo yalitoka kwa mtoto ambaye mama yake alikuwa ametuletea akilia kwamba hasemi. Na herufi pia huja kwa njia hiyo, maana ukimlaza nyoka wa Kilwa vizuri ubaoni, umekwisha kuandika S.

Mwaka huu, mwezi wa pili, kamati ya wazazi iliomba Saa ya Ndoto ifutwe.

Msemaji alikuwa Papa Gérard Paluku, mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Butembo aliyekaa mjini kwetu miaka mingi, baba wa Syntiche, msichana wa darasa la Maîtresse Albertine. Hakuwa na ubaya wowote. Shule za msingi zinazogombewa zinawapa watoto mtihani wa kuingia, na huko hawaulizi mtu ameota nini. Alisimama mkutanoni akasema: “Maîtresse, miye minamuleta mutoto juu asome. Bale ba masomo ingine banasha andika majina yabo. Wangu anarudia na budongo ku mikono.” Wazazi wengi walipiga makofi. Tuseme ukweli, hata walimu wawili watatu walitikisa kichwa kukubali. Maman Joséphine, ambaye ugomvi humpandisha presha, aliahidi kwamba uamuzi utatolewa ndani ya wiki mbili.

Tulimtazama Maîtresse Albertine. Tulidhani atatoa hotuba, au ataomba watoto waje waonyeshe wanachojua. Alisema tu, kwa ile sauti yake ndogo: “Mukuye samedi, bote. Na mukuye na njala.”

Basi Jumamosi wakaja wamevaa vizuri. Aliwalisha bukari, ugali wa kwetu, na samaki, akashusha vitenge madirishani, akatandika mikeka, na wazazi waliokuwa wakingoja maelezo wakaambiwa wavue viatu walale. Vicheko vilikuwa vingi. Papa Gérard ndiye aliyelala wa mwisho, simu kifuani, tai shingoni. Kisha mvua ikashuka juu ya mabati, ile mvua ya mwezi wa pili inayonyesha bila haraka, na kicheko kimoja kimoja kikazimika. Baba aliyecheka kuliko wote ndiye aliyeanza kukoroma. Mimi nilibaki mlangoni nikiwatazama watu wazima wa Bel-Air wamejikunja ubavu, viganja chini ya mashavu, na nikaona jinsi kila mmoja wao alivyokuwa akilala alipokuwa na miaka minne.

Walipoamka, aliwapeleka kwenye beseni bila kuwaambia mengi. Walikunja mikono ya mashati. Papa Gérard alichukua bonge kubwa, akaligeuza, akalivuta, akalibonyeza kwa gumba mara nyingi, na tai yake ikaingia kwenye udongo asijue. Maîtresse alichuchumaa kando yake na kumuuliza kama anavyomuuliza mtoto: “Iko inaenda wapi, Papa?”

Aliligeuza tena lile bonge. Tulisikia maji yakidondoka kwenye ukingo wa bati. Kisha akasema: “Inarudia kwetu. Lakini njia imefungwa.”

Mama yake mzee bado yuko kule Butembo, na habari za vita vya upande ule sote tunazisikia redioni.  Maîtresse Albertine alikipokea kile kitu kwa mikono miwili na kukiweka kwenye ubao wa kukaushia, pamoja na vya wengine. Mke wa Papa Gérard alimfuta tai kwa ncha ya kitenge chake. Mimi nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Jumatatu kamati ilikubali Saa ya Ndoto iendelee hadi mwisho wa mwaka, na robo saa ya kuandika iongezwe kila asubuhi. Papa Gérard aliing'ang'ania hiyo robo saa, na Maîtresse Albertine aliona ana haki. Lakini baada ya mwisho wa mwaka? Hilo halikuamuliwa. Kila mtu aliamini kwamba saa ile ni ya Maîtresse Albertine, na kwamba itatoka getini pamoja naye atakapostaafu. Yeye mwenyewe aliamini hivyo. Siku moja tulipokuwa tukichekecha udongo aliniambia, bila kuinua macho: “Christiane, miye shiogopi retraite. Minaogopa kitu moya tu. Nikisha toka, ile budongo bataimwanga inje.”

Nilitaka kumwapia kwamba haitatokea. Sikuweza, kwa sababu anayerithi darasa lake ni mimi, na najijua. Mwezi wa tano nilijaribu kuongoza Saa ya Ndoto mbele yake. Nilichuchumaa kwa mtoto wa kwanza, nikatabasamu, nikafungua mdomo, na “Ni nini?” ikatoka yenyewe. Mtoto akanijibu: “Mpira.” Maîtresse Albertine alicheka hadi akalazimika kukaa chini, lakini nilipomtazama tena alikuwa ameacha kucheka.

Alhamisi iliyopita niliingia darasani kwake saa ya usingizi kuazima sabuni. Baridi ilikuwa kali; mwanga wa rangi ya chai umetulia juu ya mikeka. Watoto walikuwa wamelala. Na yeye pia. Kichwa kimeinama begani, mikono imelegea mapajani, anapumua polepole pamoja nao.

Nilikuwa karibu kumgusa Maîtresse bega, ndipo Syntiche akaamka. Mtoto alimtazama mwalimu wake, akanitazama mimi, akaweka kidole mdomoni. Kisha akanyata hadi kwenye beseni na kuondoa gunia. Wengine wakaamka mmoja mmoja na kumfuata, pekupeku, na hawakusukumana. Kilichosikika ni viganja tu juu ya udongo. Syntiche alimaliza cha kwake mapema, akamwendea rafiki yake Plamedi, akachuchumaa, magoti pamoja, kichwa pembeni kidogo, na kumnong'oneza: “Iko inaenda wapi?”

Plamedi akaanza kumweleza. Ilikuwa safari ndefu. Mtoto mwingine akamgeukia jirani yake na kumuuliza vilevile, na mwingine tena, hadi darasa zima likajaa minong'ono ya watu wanaosafiri.

Nilipogeuka nilikuta Maîtresse Albertine amefumbua macho. Sijui alikuwa macho tangu lini. Aliwatazama watoto, kichwa baada ya kichwa, midomo ikihesabu. Hakuna aliyemgeukia. Hakuna aliyemwita. Ningekuwa mimi, labda ningeumia. Yeye alivuta kitenge hadi kidevuni na kufumba macho tena.

Maîtresse Albertine, kwa niaba ya Maman Joséphine, walimu wenzako, wazazi na watoto wote uliowalinda usingizini, asante. Asante kwa maji mekundu, kwa kamba ya leso, kwa koti la mkaguzi, na kwa swali ulilotufundisha kuuliza. Tunakuombea afya njema, nyumba yenye wajukuu wa kelele, na adhuhuri nyingi za kulala bila kuhesabu kichwa cha mtu. Udongo wa mwezi wa tisa, wa mwaka mpya wa masomo, tuliuchimba Jumamosi. Papa Gérard alishika koleo, mimi nilishika chekeche. Uko chini ya gunia.