Barua Iliyotoka kwa Aloisi

Jumamosi asubuhi, benchi la mbele ya duka la Mukandoli, huku South End ya Louisville, Marekani, ni la watu waliotoka shifti na bado hawataki kulala. Nshombo, aitwaye Donc kwa kuwa hupenda kuanza na neno hilo la Kifaransa, yaani “basi”, ndiye mwenye thermosi ya kahawa. Theogene, aitwaye Injinia kwa kuwa alitengeneza redio kambini, ndiye mwenye majibu. Siku hiyo katikati yao alikaa Aloisi, katibu wa kanisa, kikombe kinampoa mkononi. Alikuwa amepata imeili yenye faili: “Kesi yako imejibiwa.” Mtu anayemngoja mama yake kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka wa saba sasa hasomi maneno hayo mara mbili. Alifungua. Ndani hamkuwa na habari ya mama, na kompyuta ikaanza kuituma imeili ileile kwa waumini wote arobaini, kwa jina lake.

— Donc, ulibonyeza na vidole ngapi? aliuliza Nshombo.

— Kimoja.

— Bon! Kidole kimoja hakivunji chawa. Hakuna kitu itaharibika.

Aloisi alitaka kucheka, moyo ukakataa.

— Usimdanganye mwenzio, alisema Injinia. Kirusi cha kompyuta ni mdudu, na mdudu dawa yake baridi. Mtumie shemeji yangu wa Buffalo hiyo mashine, aifukie kwenye theluji wiki moja.

— Mutoto ya dada yangu iko nasoma Columbus, ku université, alisema Nshombo. Anasema ile virisi inakuonaka kwanza. Ukibandika karatasi ku kamera, inapofuka.

— Ikipofuka itapapasa! Heri kanisa zima tubadili majina. Kirusi kikija kumtafuta Mama Dative, kikute anaitwa Sandrine.

— Voilà. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Aloisi hakuwasikia vizuri. Alikuwa akikumbuka jinsi alivyopita nyumba kwa nyumba mwaka juzi, akiwafundisha wazee: imeili usiyoijua usiiguse, lakini ikitoka kwa Aloisi, fungua bila wasiwasi. Walilishika neno lake, na hilo ndilo lililomuuma.

Dafroza, mama mgeni mtaani anayetunza wazee huko Jeffersontown, alitoka dukani na mfuko wake wa unga. Alisimama akawasikiliza mpaka mwisho.

— Samahani, ndugu zangu. Kuna aliyewapigia simu hao watu kuwaambia wasifungue?

Nshombo alichungulia thermosi. Injinia alifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Aloisi aliona aibu, akatoa simu. Alianza na Mama Dative, mjane ambaye mwanawe naye yuko kambini. Mama alipokea kabla haijaita mara ya pili, sauti yake ikajaa benchi zima.

— Katibu, Mungu akubariki! Barua yako nimeiona. Nimebonyeza mara ine, inakataa kufunguka. Ambia mimi tu: mutoto yangu anafika siku gani?

Aloisi alifumba macho.

— Mama, alisema, zima kwanza hiyo kompyuta. Halafu ukae chini.