Upendo wa Mkwe: Much au Many?

Kahawa ilikuwa bado inafuka moshi pale kwenye benchi, nje ya kibanda cha kinyozi, na Sindano, fundi cherehani, hajagusa kikombe chake. Mwanawe aliyeoa ng'ambo alikuwa njiani kumleta mkewe nyumbani kwa mara ya kwanza, na mkwe mwenyewe hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Sindano alitaka amwambie neno moja tu: kwamba nyumba hii ina upendo mwingi. Kiingereza chake kilifika "we have" kikakwama, na moyo ulimdunda utadhani bwana harusi ni yeye.

— Jamani, nisaidieni nisiaibike. Upendo ni "much" au "many"?

— Rahisi, — akasema Wembe, kinyozi. — Kinachohesabika "many", kisichohesabika "much".

— Nywele je? — akauliza Koki, fundi bomba.

— "Much". Nimenyoa mpaka mgongo umepinda, sijaona mteja aliyehesabu zake.

— Mwenye kipara anazihesabu!

— Basi za kipara ni "many". Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

— Chawa wameingiaje kwa mkwe wangu? — Sindano akang'aka.

Koki akaweka kikombe chini.

— Sikiliza, mzee. Maji ya ndoo ni "many", maji ya bomba lililopasuka ni "much". Haba na haba hujaza kibaba!

— Na upendo wangu?

— Wako umepasuka zamani. Hebu tazama, shati umevaa kinyume.

Benchi zima likaangua kicheko, Sindano naye akicheka huku akijikagua mishono. Wembe hakukubali kushindwa: upendo wa mama mkwe, alisema, ni "many" kwa kuwa una masharti, wa baba mkwe ni "much" kwa kuwa hauna mpango.

Hapo akapita jirani yao, muuza mboga, kikapu mkononi.

— Kaka, hayo yote ya nini? Mtoto wa watu akishuka, mwite kwa jina umkumbatie, basi. Anaitwa nani?

Sindano akafungua kinywa. Tangu harusi alimwita "mkwe wangu", kwa fahari, hata kwenye simu: "Mkwe wangu hajambo?" Akamgeukia Wembe. Wembe akamgeukia Koki. Koki akachungulia ndani ya birika la kahawa.

Na gari la mwanawe lilikuwa tayari linakata kona. Sindano akainuka, hana jina, hana Kiingereza, mikono ameitanua.